Kumrudisha Mama Mugoma kwa Njia ya Rusumo

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza pale kwenye fremu, vyerehani vikikimbia, "Yustina, safari ilikuwaje?" Nami nimekuwa nikiwajibu "nzuri" kwa sauti ya mtu anayetafuta wa kupigana naye. Nimeona niandike mara moja, msome wote, tusirudie. Habari za tiketi na karatasi za hospitali naziacha. Nitasema njia, na watu walionikasirisha njiani, na mmoja ambaye bado nimemkasirikia ingawa ndiye ninayempenda kuliko wote.

Mama Verdiana mnamfahamu. Mmemuona akikaa kwenye benchi letu muda wote aliokuwa Mwanza akitibiwa macho, akichambua vipande vya vitambaa kwa vidole. Ni presha ya macho. Daktari alisema mbele yangu kwamba kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kitakwenda polepole. Mchana anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Jua likishuka, bomba linazibwa. Jioni Mama ni kipofu.

Mnajua pia kwamba hakunizaa. Sijawahi kuficha. Mwaka ule wa wakimbizi, watu walipokuwa wakivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda usiku na mchana, Mama alikuwa upande wetu na wanawake wenzake wa parokia, wakipika uji kwenye mapipa. Hapo ndipo nilipoingia mikononi mwake, mtoto wa kubebwa mgongoni. Nilikua nikilijua hilo, na Mugoma nzima ililijua, na hakuna aliyewahi kuninyanyasa kwa ajili yake.

Alipoelewa kwamba macho hayaponi, aliniambia, "Usinirudishe nyumbani moja kwa moja. Nipitishe Biharamulo nilione Boma, halafu Rusumo. Nataka nikuonyeshe mahali nilipokupokea. Pale napajua mimi peke yangu. Nikipofuka, pamekwisha."

Basi nikakaa nikaipanga safari kama ninavyopanga kitambaa cha mteja asiye na kingine. Boma tulione asubuhi. Rusumo tufike mchana. Mugoma kesho yake. Kila mahali jua liwe juu. Nilipanga vizuri, na nataka mlijue hilo kabla sijaendelea.

Mwanza hadi Biharamulo

Basi letu pale Nyegezi lilikuwa linaunguruma tangu alfajiri kama linaondoka sasa hivi. Mnaijua ile hila. Dereva anakanyaga mafuta, gari linasogea hatua mbili, abiria waliokuwa wakisitasita wanakimbia kupanda, kisha linarudi pale pale. Tulisogea na kurudi mpaka chai ya Mama ikaisha kwenye chupa.

"Linaondoka?" akaniuliza kila liliposogea.

"Bado, Mama."

Tulipovuka daraja la Busisi nilimwambia achungulie ziwa, akasogeza kichwa huku na huku mpaka akalipata, akatabasamu. Hapo nilifurahi, na sitaongeza. Baada ya Katoro tukapata pancha. Tukashuka wote. Tairi la akiba likatolewa, nalo halina upepo. Konda akasimama katikati yetu, akasema hilo ni jambo la kawaida.

Mzee mmoja mwenye koti akamuuliza, "Kawaida kwa nani?"

"Kwa matairi, mzee."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Tulikaa kwenye nyasi tukila mihogo mibichi ya mwanamke aliyetokea shambani. Alikuwa amesikia kimya cha basi, akaja na beseni kichwani. Mama akamshukuru kana kwamba tumealikwa. Hicho ndicho kitu nilichoanza kukichukia tangu pale: kila aliyetuchelewesha, Mama alimshukuru. Konda alipokuja kusema pole, Mama alimpa kipande cha muhogo na kumuita mwanangu.

Biharamulo tulifika giza likiingia. Nilimshika mkono mpaka gesti, tukala ugali na sangara wa mchuzi. Nilikuwa nimeiwekea siku hiyo nafasi ya kuharibika, kwa hiyo nilijiambia mpango bado ni mzima.

Kwenye Boma

Asubuhi ilikuwa njema, jua safi, na ile baridi ya huko inayokufanya utafute kanga ya pili. Tulipanda taratibu mpaka kwenye Boma la Wajerumani. Kuta ni nene, nzito, na pembe zake zina minara. Babu yake Mama alipelekwa pale kwa nguvu akiwa kijana, pamoja na wanaume wengine wa upande wa Ngara, kubeba mawe na chokaa. Mama alikulia kwenye habari hiyo lakini hakuwahi kuliona jengo lenyewe. Alikuwa amelipita mara nyingi akiwa ndani ya magari ya kwenda Bukoba, akaambiwa "lile pale," likapotea.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Bwana harusi, bibi harusi, wasimamizi na jamaa wengine wenye sare za zambarau walikuwa wamesimama mbele ya ukuta wakipigwa picha. Mama hakuwaona. Bomba lake lilikuwa limeelekea ukutani. Alitembea moja kwa moja, akaweka kiganja juu ya ukuta, akaanza kuupapasa toka juu kwenda chini.

Mpiga picha akashusha kamera. "Dada, mwambie bibi asogee. Ananiharibia picha."

"Mpe dakika moja," nikasema. "Haoni vizuri."

"Kama haoni, si aende akaguse kule nyuma? Ukuta ni ule ule."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, kwa sababu mama Salome, mlokole wetu, naye atasoma. Msimamizi wa kike akaniambia nisilete mkosi kwenye harusi ya watu. Mama akasikia sauti zinapanda, akageuka, akaelewa.

"Samahanini wanangu," akasema. "Mungu awabariki, mzae." Akasogea.

Tulizunguka mpaka nyuma. Pale alisogeza uso karibu kabisa na ukuta.

"Baba yangu alisema babu alirudi bega moja halina ngozi," akasema. "Halikuota nywele wala halikupata jasho tena mpaka kufa kwake. Nilidhani nitaona jengo baya."

"Ni zuri?"

"Ni zuri sana. Ndiyo maana wanapigia picha za harusi." Akafuta vumbi kiganjani. "Wangeandika hata majina mawili."

Nilikuwa na hasira ya watu wawili, yangu na ile ambayo yeye hakuitumia.

Biharamulo hadi Nyakahura

Sasa nifike kwa Masalu.

Masalu ni dereva wa mchomoko, yaani zile gari ndogo zenye mgongo mrefu zinazobeba watu kuliko viti vyake. Alikuwa stendi anaita "Rusumo, Rusumo moja kwa moja." Nilimuuliza mara tatu. Nilimsimamisha, nikamwambia, "Kaka, huyu mama ana tatizo la macho. Jua likishuka haoni chochote. Nataka awe Rusumo mchana. Kama unapitia kwingine niambie sasa, nitatafuta gari jingine."

Akamtazama Mama, akainama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi atakula chakula cha mchana Rusumo," akaniambia. "Mimi si mtu wa maneno."

Tulijazwa wanne mbele na sijui wangapi nyuma. Mpaka Lusahunga alienda vizuri, na nilianza kumsamehe hata muziki aliofungulia kwa sauti. Tulipofika Nyakahura akakata kona, akaingia sokoni.

"Dakika tano," akasema. "Nachukua mzigo mdogo."

Soko la Nyakahura liko kando ya barabara, na siku hiyo lilikuwa limefurika: ng'ombe, magunia ya maharagwe, mitumba, wanaume wenye fimbo wakibishana kwa Kisubi, Kisukuma na Kirundi. Mzigo mdogo wa Masalu ulikuwa mbuzi. Na mbuzi wenyewe walikuwa bado hawajanunuliwa. Mwenye kuwanunua alikuwa hajainuka kwenye meza ya nyama choma.

Nilimfuata Masalu huku na huko kama mdai. Kila nikimfikia alikuwa anasema na simu. Jua lilipita utosini. Nilikuwa naliangalia jua lile kama mtu anayeangalia maji yakivuja kwenye ndoo yake ya mwisho.

Mama alikuwa amekaa kwenye kibanda cha mwanamke mmoja mnene mwenye kilemba cha njano, aliyekuwa akipika.

"Kalibuni mchere," mwanamke akasema. "Na malagwe yapo, na mboga."

Tukala. Maharagwe yalikuwa matamu, yamepikwa kwa karanga, na nilikasirika kwamba ni matamu, maana nilitaka siku ile iwe mbaya yote. Mwanamke alitutazama, akamsikia Mama akinisemesha Kihangaza, ambacho kwa asiyekijua ni kama Kirundi, akatazama mabegi yetu.

"Poleni," akasema kwa huruma ya kweli. "Mnarudishwa?"

Sikumuelewa. "Tunarudishwa wapi?"

"Kwenu. Si mlikuwa kambini? Wengi wanapita hapa wanarudishwa ng'ambo."

Nilisimama. Nimesoma hapa, nimepiga kura hapa, nashona sare za wanafunzi wa nchi hii mpaka mgongo unaniuma. Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie hayo yote. Mama akanivuta gauni nikae.

"Ndiyo, tunarudi kwetu, mama," akamjibu. "Mugoma, Ngara. Ulishafika?"

"Mugoma!" mwanamke akacheka kwa aibu. "Shemeji yangu kaoa Mugoma. Jamani, nisameheni." Akatuongezea mboga bila kuombwa, hakukubali tukatae.

Mama alimuuliza jina la shemeji, wakaanza kutafuta ukoo. Mimi nikarudi kumtafuta Masalu. Nilimkuta amesimama na dereva mwingine, wanapeana mikono kwa namna ambayo niliijua kabla hajageuka. Tulikuwa tumeuzwa. Kwa wasiojua: dereva akiona abiria wake wamebaki wachache au amepata mzigo wenye faida zaidi, anawakabidhi kwa mwenzake, anapewa chochote, nanyi mnahamishwa na mabegi yenu kama magunia.

"Huyu anaenda sasa hivi," Masalu akaniambia. "Gari lake jipya kuliko langu."

"Uliniambia wewe si mtu wa maneno."

"Dada, biashara."

Nilimwambia kwamba siku moja mama yake atasubiri mahali, na mtu kama yeye atamsubirisha. Mama akaja akiongozwa na yule mwanamke wa kilemba, akasikia sauti ya Masalu.

"Ni wewe, mwanangu? Asante kwa kutufikisha." Akampa kiazi kitamu alichofungiwa kwenye jani la mgomba.

Masalu alikipokea. Mbele ya macho yangu akakimenya, akala.

Nyakahura hadi Rusumo

Gari jipya lilisimama kila palipokuwa na mtu. Lilisimama hata kwa mtu aliyekuwa amesimama tu kwao. Nilimwambia Mama, "Kwa nini unawashukuru? Wanatupotezea siku na wewe unawapa viazi."

"Nisipowashukuru gari litaenda mbio?"

"Hapana. Lakini watajua wamekosa."

"Wanajua," akasema. "Wewe unadhani hawajui?"

Baada ya hapo sikusema naye. Tulipita Benako. Miaka ile hilo bonde lote na vilima vyake lilikuwa kambi ya wakimbizi, hema za bluu na moshi, nami nililala chini ya moja ya hema hizo mgongoni mwa Mama mpaka aliporuhusiwa kunipeleka Mugoma. Sasa ni mashamba, maduka, malori yamepangana. Mama aligeuza uso dirishani na nikajua kwamba anatafuta, na kwamba bomba limeanza kufungwa, kwa sababu alikuwa anageuza kichwa haraka haraka.

Tulishuka Rusumo jua likiwa limejificha nyuma ya vilima vya Rwanda. Anga ilikuwa bado nyekundu, mimi nikiona kila kitu: malori ya mizigo yamejipanga, watu wakivuka na mabegi, daraja, mto chini. Nilimshika Mama mkono, nikamsogeza mpaka palipo wazi.

"Tumefika, Mama. Daraja lile pale. Maporomoko yanasikika, unayasikia?"

Aligeuza kichwa kuelekea mtoni.

"Sauti naisikia," akasema. "Sikuja kusikia."

Ndiyo mara ya kwanza safari nzima kumsikia na hasira. Haikuwa kubwa. Alikaa juu ya begi, akafunga macho, kwa kuwa kufungua na kufunga kulikuwa sawasawa.

Gestini alikataa chakula. Nilitoka uani, nikampigia Masalu. Namba yake ilikuwa imebandikwa kwenye kioo cha gari, nami nilikuwa nimeinakili.

"Kaka, mimi ni yule abiria uliyemuuza Nyakahura."

"Ee dada. Mmefika?"

"Tumefika giza linaingia. Mama hakuona kitu."

"Lakini mmefika?"

"Nilikueleza asubuhi kuhusu macho yake. Nilikueleza ukiwa umesimama mbele yake."

Kulikuwa na kelele za mbuzi huko alikokuwa. "Dada," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayenionea huruma, "kesho si kutakucha?"

Nikakata simu. Nilikaa na jibu lile mdomoni kama mwiba wa samaki.

Asubuhi darajani

Kulikucha kweli, na kwa mwanga mzuri. Mama alikuwa amevaa mapema, kitenge chake cha Pasaka, na kilemba kimefungwa vizuri. Alinieleza alama zake tukiwa bado mlangoni: ukipanda kutoka darajani, mkono wa kulia, kulikuwa na jiwe refu limelala kama ng'ombe. Pembeni yake njia nyembamba iliyoshuka majini. Hapo kwenye jiwe ndipo aliponipokea.

Tulianzia palipo karibu na daraja kadiri tulivyoruhusiwa, tukapanda. Mama alienda polepole akisogeza uso kushoto na kulia, akipima. Tulifika juu. Tukarudi. Tukapanda tena.

Kilima kile kimekatwa. Barabara imepanuliwa, ukuta wa zege umesimama palipokuwa na mteremko, kuna uzio, kuna mitambo ya umeme chini kule, kuna maegesho ya malori. Daraja lenyewe ni jipya. Nilikuwa nimeyaona haya yote tangu jana yake jioni lakini nilikuwa nimejiambia kwamba yeye atapaona, kwa kuwa yeye ndiye anayepajua.

Alisimama karibu na mwanamke aliyekuwa akiuza machungwa kwenye toroli. Alimuuliza habari za jiwe. Mwanamke alisema alianza biashara hapo barabara ikiwa hivi hivi, hajui jiwe. Aliniangalia mimi, akaniambia chini chini, "Mwambie bibi ni hapa. Atajuaje? Aridhike."

Mama ana macho mabovu. Masikio ni mazima.

"Asante, mwanangu," akamwambia. "Lakini ninayetaka kumwonyesha ni huyu. Nikimwambia hapa na siyo hapa, nitakuwa nimefanya nini?" Akanigeukia. "Sipaoni, Yustina. Pameondoka."

Niseme ukweli wa nilivyojisikia. Hasira zote za njiani, za konda na mpiga picha na Masalu, zilitafuta mtu wa kumwangukia, na aliyekuwa karibu ni yeye.

"Basi yaishe," nikasema. "Ni mahali tu, Mama. Mimi mwenyewe sipakumbuki. Umenikokota njia yote hii, tumetukanwa, tumeuzwa, kwa ajili ya jiwe."

"Siyo jiwe," akasema. "Tafuta pa kukaa nikwambie."

Muuza machungwa alitupa kreti mbili za soda, tukakaa tukitazama daraja. Mama aliweka mikono magotini.

"Mama yako hakunipa uwe wangu. Alinipa nikushike."

Nikamgeukia.

"Alikaa pale kwenye jiwe, nikampa uji. Alikunywa nusu, nusu akakunywesha wewe. Kisha akasema kwa lugha yao, nasi wenye yetu tunaielewa: nishikie huyu, nisubiri hapa hapa, usiondoke, namfuata mwingine."

"Mwingine nani?"

"Mtoto wake mwingine. Waliachana mikono kwenye msongamano, upande ule. Akanyanyuka akarudi darajani. Watu wote wanakuja huku, yeye peke yake anakwenda kule. Nilikiona kitambaa chake cha kichwa mpaka katikati ya daraja, halafu sikukiona."

Lori lilipita. Mama alingoja kelele zipungue.

"Nilisubiri siku ile. Nikalala pale nawe. Kesho yake wenzangu wakapika uji, mimi nikakaa kwenye jiwe. Na kesho kutwa. Kisha wakaacha kuvuka, daraja likawa tupu, na mimi bado nipo. Padre ndiye aliyekuja kuninyanyua."

"Wa kiume au wa kike? Huyo mwingine."

"Alisema mwingine. Hakuwa na nafasi ya kueleza."

"Jina?"

"Hakutaja. Wala lake. La kwako alilitaja kwa kukubembeleza, na sikulisikia vizuri, ndiyo maana nikakupa Yustina."

Nilihesabu umri wangu kichwani. Nimeolewa, nimezaa, nimemzika mume, na muda wote huo kulikuwa na mwingine.

"Umekataa kunidanganya kuhusu jiwe," nikamwambia. Sikujali kama muuza machungwa anasikia. "Kweli hujanidanganya. Umenificha. Miaka yote hii umekaa na hili tumboni."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Mwanzo niliogopa ungekwenda kutafuta, na wakati ule aliyekwenda hakurudi. Baadaye kukatulia, ukawa mkubwa, na nikaogopa kwa sababu nyingine."

"Ipi?"

"Kwamba ungempata mama yako."

Alikuwa amelisema wazi, bila kujipamba, na bila kuomba nimsamehe. Ningefurahi angelia, ili nipate kazi ya kumbembeleza. Hakulia.

"Nilitaka nikwambie nikiwa nimekuonyesha pale," akasema. "Kwa sababu aliniambia nisubiri pale. Nilidhani nikikuachia mahali, nitakuwa nimekuachia kitu. Kasirika, mwanangu. Una haki yako. Lakini kasirika ukiwa umekaa."

Wakati huo gari la Ngara lilikuwa linapiga honi. Kijana wa kuita abiria alikuja mbio mpaka kwetu. "Ngara, Ngara, bado wawili tu, mama, tunaondoka." Na lilikuwa linaondoka kweli, niliona lilivyojaa.

"Nendeni," nikamwambia.

Mama akanigusa. "Yustina, tutachelewa."

"Tuchelewe."

Tukakaa. Watu walivuka daraja kwa miguu, wakitoka kule wakija huku: wanawake wenye ndoo za parachichi, mzee mwenye mwavuli, wasichana wawili wakicheka. Niliwatazama usoni mmoja mmoja, wa umri wangu na waliozidi kidogo, wa kiume na wa kike. Najua ni upuuzi. Mama alikuwa ameelekeza bomba lake pale pale, naye akitazama. Gari la pili lilijaa likaondoka. Muuza machungwa alitumenyea machungwa akatuwekea kwenye kisosi.

Rusumo hadi Mugoma

La tatu tulipanda. Njia ya kwenda Ngara inapanda na kushuka, migomba kote, na sikuiona. Ngara mjini tulibadili gari, mvua ikatunyeshea tukisubiri, tukala ndizi zilizopikwa na maharagwe tukiwa tumegeuziana mabega. Dereva wa mwisho hakutuchelewesha wala kutudanganya, naye pia nilimchukia.

Mugoma walitupokea kwa shangwe. Majirani walileta maziwa, wakaleta ndizi, wakaleta watoto waje wamwamkie bibi. Mama alihadithia safari na kuwachekesha wote. Aliwaeleza mbuzi wa Masalu, aliwaeleza mwanamke wa Nyakahura na shemeji yake. Rusumo aliiruka. Mimi nilikaa jikoni na moshi. Nilifanya kazi zote za mtoto wa kike aliyerudi nyumbani, nikateka maji, nikabadili majani ya kitanda chake, nikapanga dawa zake za matone, na sikumwambia zaidi ya "ndiyo" na "bado".

Siku ya kuondoka, asubuhi, begi likiwa mlangoni, aliniita chumbani kwake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya dirisha, mahali jua linapoingia.

"Njoo hapa kwenye mwanga," akasema.

Nikapiga magoti mbele yake. Alinishika mashavu kwa mikono miwili, akanigeuza taratibu, akanipitisha kwenye lile bomba lake kipande kwa kipande kama anavyochambua vitambaa.

"Paji hili ni lake," akasema. "Na macho. Macho ni yake kabisa, hata unavyoyakaza ukikasirika. Alinitazama hivi aliponiambia nisubiri."

"Na pua?"

"Pua sikuiona. Alikuwa amejifunika kanga mpaka hapa, hata uji aliunywea humo humo." Aligusa chini ya macho yangu. "Mkono wake ulikuwa na kovu, hapa, juu ya kifundo. Na alikuwa mrefu, akinyanyuka alijishika kiuno."

Nje bodaboda alikuwa amewasha pikipiki ananisubiri. Nilikuwa bado nimemkasirikia Mama, na nawaandikia hivi nikiwa bado nimemkasirikia.

"Endelea," nikamwambia, nikasogea karibu zaidi na dirisha.